Jinsi ya Kuwapata Wazazi wa Babu Aliyezaliwa Ayalandi

Wengi wanaofuatilia ukoo wenye asili ya Ayalandi hukwama mahali pamoja. Wana jina, wana umri wa kukisia, na kwenye nafasi ya mahali pa kuzaliwa pameandikwa neno moja tu: Ireland. Wanaingia kwenye tovuti ya rekodi, wanaandika Patrick Kelly, karibu na 1868, orodha ndefu inawajia, wanamchukua yule ambaye mwaka wake unalingana zaidi. Kuanzia hapo wanajenga mti wa ukoo wa watu wengine kabisa, na wengine wanaunakili.

Jina la babu peke yake haliwezi kukupeleka kwa wazazi wake. Majina ya Ayalandi yalikuwa machache na yalirudiwa mno. Katika parokia moja unaweza kukuta kina Patrick Kelly wanne waliozaliwa ndani ya miaka mitano. Unachohitaji ni jina hilo pamoja na kimoja kati ya vitu viwili: kijiji alichotoka, au jina la kwao mama yake, yaani ukoo wa mama kabla hajaolewa. Ukiwa navyo vyote viwili, kazi inaweza kuisha jioni moja. Navyo, mara nyingi, havianzi kupatikana Ayalandi. Vinapatikana kule babu alikohamia na kufia.

Anza alikofia

Agiza kila karatasi iliyomtaja ugenini: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wote, rejista ya kanisa alikofungia ndoa, tangazo la kifo gazetini, maandishi ya jiwe la kaburi, orodha ya abiria, maombi ya uraia. Kisha fanya hivyohivyo kwa kaka na dada zake waliohama. Hatua hii ya pili ndiyo wengi wanayoiruka, nayo ndiyo inayofungua milango. Cheti cha babu yako kinaweza kusema Ireland tu, huku cha dada yake, aliyefia mji uleule miaka ishirini baadaye, kikiwa na jina la baba, jina la mama na jina la kijiji.

Thamani ya karatasi hizo inategemea nchi. Scotland ndiko kuna neema kubwa: tangu usajili wa serikali ulipoanza 1855, cheti cha ndoa na cha kifo vyote huandika baba na mama, na mama huandikwa kwa jina la kwao. Babu aliyepita Glasgow hata kwa miaka mitano, akaoa huko, amekuachia jibu. Australia inafuata kwa karibu: Victoria iliandika wazazi kwenye cheti cha kifo tangu 1853, na New South Wales tangu 1856. Tena New South Wales ina orodha za wahamiaji waliolipiwa nauli, na humo mara nyingi utakuta majina ya wazazi, wanaishi wapi, na kama mmoja wao amekwisha kufariki. New Zealand iliongeza wazazi kwenye vyeti vya kifo kuanzia 1876. Quebec, rejista za ndoa za Kikatoliki huwataja wazazi wa pande zote mbili, mama kwa jina la kwao.

Uingereza hali ni ngumu zaidi. Cheti cha ndoa cha serikali, kuanzia 1837 hadi 2021, kina jina la baba tu, na cha kifo hakina mzazi hata mmoja. Kuna njia ya pembeni: kama ndoa ilifungwa katika kanisa la Kikatoliki, tafuta rejista ya kanisa lenyewe, si cheti cha serikali. Mapadri wa miji kama Liverpool waliandika kwa Kilatini na mara nyingi walimtaja mama pia. Na kama babu alikuwa askari wa jeshi la Uingereza, karatasi zake za kustaafu hutaja parokia aliyozaliwa na mji ulio karibu nayo.

Marekani mambo hubadilika jimbo kwa jimbo. Vyeti vya ndoa na vifo vya Massachusetts, na vya jiji la New York mwishoni mwa karne ya 19, vina nafasi ya majina ya wazazi wote wawili. Maombi ya uraia ya kabla ya Septemba 1906 kwa kawaida hayana faida: yanamtaja mtu, yanasema ametoka Ireland na amemkana Malkia Victoria, basi. Ya baada ya hapo yana tarehe na mahali pa kuzaliwa. Orodha za abiria kuanzia 1907 zina safu ambayo hutakiwi kuipita: jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nchini. Ukikuta pameandikwa baba, jina lake na kijiji, umepata kwa mstari mmoja kile ambacho wengine hukitafuta miaka. Kwa waliofanya kazi Marekani baada ya 1936, fomu ya maombi ya namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, huwataja baba na mama, tena mama kwa jina la kwao.

Kwa waliohama mapema, wakati wa Njaa Kuu iliyoikumba Ayalandi miaka ya 1840 na baada yake, kuna hazina mbili zinazostahili muda wako. Ya kwanza ni vitabu vya Emigrant Savings Bank ya New York, benki iliyofunguliwa 1850. Karani alipomfungulia mteja akaunti alimuuliza maswali ya utambulisho ambayo mtu mwingine asingeweza kuyajibu: umezaliwa wapi, ulikuja na meli gani, wazazi wako ni nani, ndugu zako wangapi na wako wapi. Majibu yaliandikwa. Ya pili ni matangazo ya kutafuta jamaa waliopotea yaliyochapishwa na gazeti la Boston Pilot kati ya 1831 na 1921. Humo mtu hutajwa kwa kijiji, parokia na kaunti yake.

Unapokusanya yote haya, angalia kwa kila cheti aliyetoa taarifa ni nani. Mtu hatoi taarifa ya kifo chake mwenyewe. Anayejibu ni mwana aliyezaliwa ugenini ambaye hakumwona bibi yake, au mkwe, au mwenye nyumba. Kosa la kawaida kabisa ni mtoa taarifa kuulizwa jina la mama wa marehemu akataja jina la mama yake mwenyewe, yaani mke wa marehemu. Kwa hiyo jina la mama lililo kwenye cheti cha kifo litafutie ushahidi wa pili. Cheti cha ndoa kina uzito zaidi, kwa sababu hapo babu mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya karani.

Mahali: kitongoji ndicho kila kitu

Ayalandi imegawanywa katika kaunti 32, ndani yake parokia za kiserikali zipatazo 2,500, na chini yake kabisa vitongoji zaidi ya 60,000, ambavyo wenyewe huviita townland. Kitongoji kinaweza kuwa na nyumba tatu au hamsini. Hicho ndicho mtu wa mashambani alichokiita kwao. Parokia za Kikatoliki zina mipaka yake nyingine, na wilaya za usajili zina mipaka mingine tena. Wilaya hizi zilifuata maeneo ya msaada kwa maskini, kila eneo likipewa jina la mji wenye nyumba ya maskini, na hazikujali mipaka ya kaunti. Wilaya ya Ballinasloe, kwa mfano, iko Galway na Roscommon pia. Ukitafuta mtu wa Roscommon usimkatie tamaa kwa sababu rekodi inasema Ballinasloe.

Jina la kitongoji likifika kwako limepitia masikio ya karani wa kigeni. Lisome kwa sauti, kisha litafute kwenye logainm.ie, hifadhi rasmi ya majina ya mahali. Inasaidia kujua vipande vinavyojenga majina hayo: Bally hutokana na baile, makazi ya watu, Knock ni kilima, Kil ni kanisa au wakati mwingine msitu. Karani akiandika Nockbrack au Kilcommon kwa namna yoyote ile, vipande hivyo vitakuonyesha alichokisikia. Jihadhari na majina yanayojirudia. Kina Kilmore wametapakaa nchi nzima.

Mitego mingine ni ya majina yaliyobadilishwa. King's County leo ni Offaly, Queen's County ni Laois. Kingstown ni Dún Laoghaire. Queenstown ni Cobh, bandari ya Cork, na karatasi ikisema babu alitoka Queenstown, mara nyingi maana yake ni kwamba alipandia meli hapo tu. Vivyo hivyo kuhusu mtu aliyesema ametoka Sligo au Galway bila kusema zaidi: huenda alimaanisha kaunti nzima, si mji.

Aliyezaliwa 1864 au baadaye

Usajili wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa za Wakatoliki ulianza tarehe 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa mapema zaidi, Aprili 1845. Picha za rejista zinapatikana bure kwenye irishgenealogy.ie: vizazi vilivyotimiza miaka 100, ndoa miaka 75, vifo miaka 50. Kaunti sita za Ayalandi ya Kaskazini zimo hadi mwisho wa 1921. Baada ya hapo unahamia kwenye ofisi ya usajili ya Ayalandi ya Kaskazini, ambayo hukutoza kwa kila rekodi unayoifungua.

Tazama kwanza ukurasa wa rejista ya vizazi ulivyo, maana ukishauzoea kazi inakuwa nyepesi. Safu zake kuu ni kumi. Namba, tarehe na mahali alipozaliwa, jina la mtoto, jinsia, jina la baba na anapoishi, jina la mama, kazi ya baba, sahihi ya mtoa taarifa na alihusika vipi, siku ya kusajiliwa, sahihi ya msajili. Safu ya sita ndiyo dhahabu yako. Humo utakuta jina la mama katika ndoa, kisha neno la Kiingereza formerly, kisha jina la kwao. Mary Kelly formerly Burke: mama ni Mary, ameolewa na Kelly, kwao ni kwa kina Burke. Safu ya nane usiidharau. Aliyeweka alama ya msalaba badala ya sahihi mara nyingi ni bibi au shangazi aliyekuwapo wakati wa kuzaa, na anapoishi pameandikwa.

Sasa tafuta kwa mpangilio. Weka jina la ukoo, wilaya kama unaijua, na miaka saba kila upande wa mwaka unaoudhania. Watu hawakusherehekea siku za kuzaliwa na hawakujua umri wao kwa usahihi. Aliyejitaja kuwa na miaka 30 anaweza kuwa na 26 au 35. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya 1900 usitegemee faharasa kukuonyesha jina la kwao mama, kwa hiyo hakuna njia ya mkato: fungua kila picha. Chora jedwali lenye safu za tarehe, kitongoji, baba, kazi yake, mama na kwao. Waandike wagombea wote, hata wale unaohisi si wenyewe.

Kama hukumpata, usiamue haraka kwamba hakusajiliwa, ingawa katika miaka ya mwanzo wengi kweli hawakusajiliwa. Jaribu bila jina la kwanza. Mtoto ambaye hajapewa jina alisajiliwa kwa jinsia tu. Ondoa O na Mc, au viongeze, kwa kuwa Sullivan na O'Sullivan ni watu walewale. Tafuta tarehe zilizosogea pia. Kuchelewa kusajili kulikuwa na faini, na wazazi waliochelewa walisogeza mbele siku ya kuzaliwa ili wasitozwe. Ndiyo maana unaweza kukuta mtoto amebatizwa wiki tatu kabla ya kuzaliwa. Hilo likitokea, amini rejista ya kanisa.

Kuhusu ndoa za Ayalandi kwenyewe, jua mpaka wake: cheti cha wakati huo kina jina na kazi ya baba wa bwana na wa bibi harusi, lakini mama hatajwi. Umri ukiandikwa full maana yake ni miaka 21 au zaidi, si kingine. Baba aliyefariki wakati mwingine huandikwa kuwa amefariki, wakati mwingine la, kwa hiyo ukimya hauthibitishi kwamba alikuwa hai. Na ndoa kwa desturi ilifungwa parokia ya bibi harusi, hata mtoto wa kwanza akaja kubatizwa huko. Ukiwaona watoto sita wa familia katika parokia moja na wa kwanza hayupo, nenda parokia ya kwao mama.

Aliyezaliwa kabla ya 1864

Utaambiwa kwamba rekodi zote za Ayalandi ziliteketea. Si kweli, na inasikitisha jinsi maneno hayo yalivyowakatisha watu tamaa. Tarehe 30 Juni 1922, Ofisi ya Kumbukumbu iliyokuwa kwenye majengo ya mahakama ya Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Humo zilipotea sensa nyingi za 1821 hadi 1851, wosia, na zaidi ya nusu ya rejista za Church of Ireland, kanisa la Kianglikana. Lakini rejista za Wakatoliki, ambao ndio walikuwa wengi, hazikuwekwa hapo. Zilibaki parokiani na zipo.

Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka picha zake bure kwenye registers.nli.ie, nyingi zikiishia karibu na 1880. Picha hizo hazina faharasa ya majina; unachagua parokia, mwaka na mwezi, unasoma. Faharasa ziko kwenye tovuti za Findmypast na Ancestry. RootsIreland, ya kulipia, ina nakala zilizoandikwa upya na vituo vya kaunti, na kwa Kerry, sehemu za Dublin na sehemu ya Cork nenda tena irishgenealogy.ie, upande wa rekodi za kanisa. Parokia za miji na za mashariki zina rejista za miaka ya 1700. Za magharibi nyingi huanza baada ya 1820, nyingine baada ya 1850. Kama rejista imeanza baada ya babu kuzaliwa, usiondoke: tafuta ubatizo wa wadogo zake. Wazazi ni walewale.

Mwandiko na Kilatini huwatisha watu bila sababu. Huu ni mfano wa kutunga wa mstari mmoja, jinsi unavyoonekana:

*12 Bap. Jacobum f. l. Thadaei Sheehan et Honorae Leary. Sp. Corn. Leary et Joanna Sheehan.*

Tarehe 12 padri alimbatiza James. Herufi f. l. ni kifupi cha mtoto halali, yaani wa ndani ya ndoa. Baba ni Thadaeus Sheehan, mama ni Honora Leary, na hapo Leary ni jina la kwao, maana katika rejista za Kikatoliki mama huandikwa kwa ukoo wake. Sp. ni wasimamizi wa ubatizo: Cornelius Leary na Joanna Sheehan. Angalia koo zao. Mmoja ametoka upande wa mama, mwingine upande wa baba, na huenda ni mjomba na shangazi wa mtoto. Waandike wasimamizi kwenye jedwali lako kila mara. Cornelius Leary huyo akija kuwa shahidi wa ndoa ya babu yako huko Boston, umefunga kesi.

Majina ya kwanza yana sura nyingi na tovuti haziziunganishi zote. Thadaeus ni Timothy, Thady au Tadhg. Jeremiah ni Darby au Dermot. Bridget ni Biddy, Bride au Delia. Honora ni Nora, Hanora au Nano. Owen huwa Eugene, Johanna huwa Judith au Julia, Gulielmus ni William. Msichana aliyebatizwa Bridget akajiita Delia huko Chicago si watu wawili.

Kwa wasio Wakatoliki: rejista za Church of Ireland zilizosalia ziulize maktaba ya kanisa hilo, RCB, iliyoko Dublin, na za Wapresbiteri wa Ulster, jimbo la kaskazini, nyumba ya kumbukumbu ya PRONI, Belfast. Wakwekeri walitunza rekodi zao vizuri kuliko wote.

Sensa na fomu za pensheni

Sensa kamili za kabla ya 1922 zilizobaki ni mbili, ya 31 Machi 1901 na ya 2 Aprili 1911, na zote ni bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali, za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Babu aliyehama 1885 hatakuwamo, lakini wazazi wake wanaweza kuwamo, wazee, kwenye kitongoji kilekile. Ya 1911 ina faida kubwa: mwanamke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi walio hai, na wangapi bado wapo. Mama aliyesema miaka 42 alifunga ndoa karibu na 1869. Akisema amezaa tisa nawe umewapata saba tu kwenye rejista, wawili bado hujawatafuta.

Usishangae mtu kuzeeka miaka 16 kati ya 1901 na 1911. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na umri wa watu wengi uliruka ghafla.

Pensheni hiyohiyo imetuachia zawadi ambayo watafutaji wachache huigusa. Waliozaliwa kabla ya 1864 hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo ili kuthibitisha umri, sensa za 1841 na 1851 zilipekuliwa kabla hazijaungua. Mwombaji alijaza majina ya baba na mama, mama mara nyingi kwa jina la kwao, pamoja na kitongoji, parokia na kaunti walikoishi mwaka huo wa sensa. Karani akaandika alichokikuta. Fomu hizo zipo kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa. Tafuta kaka na dada zake waliobaki: yeye alihama 1860, lakini dada yake aliyebaki Mayo aliomba pensheni 1910 na kuwaandika wazazi wao wote wawili.

Ardhi

Kabla ya 1864, ambapo kanisa limekwama, kinachobaki ni vitabu vya kodi. Uthamini wa Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, uko bure askaboutireland.ie pamoja na ramani. Una jina la mwenye kukalia ardhi tu, si mke wala watoto, hivyo peke yake hauthibitishi mzazi. Kazi yake ni kupunguza eneo. Kama jina la ukoo wa baba na la kwao mama ni ya nadra kidogo, tafuta parokia ambamo yote mawili yapo jirani. Orodha ya parokia mia hushuka kuwa tatu.

Kuna kitu kidogo humo ambacho ukikiona usipite. Palipokuwa na watu wawili wenye jina moja katika kitongoji, mthamini aliwatofautisha kwa kuongeza jina kwenye mabano: John Ryan (Tom) na John Ryan (Pat). Tom na Pat mara nyingi ni baba zao. Vitabu vya marekebisho vilivyofuata huonyesha jina la zamani likikatwa na jipya kuandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka pembeni. Jina la baba likikatwa na la mwana kuingia, tafuta kifo cha baba katika miaka iliyotangulia kidogo.

Kuhakikisha ni wenyewe

Rudi kwenye jedwali la wagombea. Kuwapata wazazi ni kuwaondoa wasio wazazi, mmoja mmoja, kwa sababu iliyoandikwa. Tafuta vifo vya utotoni. Ni vingi, na mtoto aliyefuata mara nyingi alipewa jina la marehemu. Tafuta aliyeoa hukohuko na kuonekana kwenye sensa ya 1901 akiwa na mke na watoto; huyo si wako. Kalenda za wosia, zinazoanzia 1858, huonyesha nani alirithi, na wosia wenyewe ukiwapo unaweza kumtaja kaka aliyeko Marekani.

Wagombea wakibaki wawili au watatu, pima desturi ya kurithisha majina. Mtoto wa kiume wa kwanza aliitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, wa tatu kwa baba mwenyewe. Wa kike wa kwanza kwa bibi mzaa mama, wa pili kwa bibi mzaa baba, wa tatu kwa mama. Ukiwapanga watoto wa babu yako kwa mfuatano huo utapata majina ya kukisia ya wazazi wake. Ni dalili nzuri, si ushahidi. Familia nyingi ziliiacha, na mtoto aliyekufa bila kusajiliwa huvuruga hesabu yote.

Kipimo cha DNA huamua pale karatasi zinaposhindwa, mradi apimwe mtu wa kizazi cha juu kabisa kilicho hai. Kila kizazi kinachoshuka hupoteza nusu. Usiangalie asilimia ya Uayalandi uliyopewa. Angalia watu mnaolingana ambao mti wao unagusa parokia ile ile. Kisha watafute wazao wa familia zote mbili zilizobaki, si wa ile unayoipendelea tu, na uwaombe wapimwe. Mpaka majibu yatakapokuja, ziandike zote mbili kwenye mti na alama ya kuuliza, kila moja na sababu zake.